Uongo Kuhusu Dawa ya Magego

Kengele ilikuwa haijagongwa. Wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Itetemia walikuwa wakifagia uwanja, lakini Julieth alifagia peke yake.

"Msimsogelee, ana gundi mdomoni!" Yasmini alipaza sauti. Wenzake wakacheka.

Wiki iliyopita, daktari wa meno aliyeitwa Alois alifika shuleni kuwapaka watoto dawa ya kuziba mifereji ya magego, ili uchafu usijifiche humo na kuyaozesha. Julieth alipakwa. Yasmini alijificha chooni, kisha akatangaza kwamba dawa ile ni gundi inayong'oa meno. Wengi wakamwamini, wakakataa kufungua midomo.

"Mwongo mkubwa wewe!" Julieth alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nenda zako, gundi wewe!" Yasmini alijibu, akamsukuma.

Mchana huo Yasmini alitafuna kipande cha muwa. Ghafla akajishika shavu na kupiga yowe. Kulipokucha shavu lilikuwa limevimba hata jicho likawa halifunguki. Mama yake akampeleka hospitali, kwa daktari yuleyule.

"Gego hili limeoza siku nyingi," alisema Daktari Alois. "Mbona sikukuona shuleni?"

Yasmini aligeuzia uso ukutani.

"Jibu!" mama yake alifoka.

"Niliogopa. Nilijua lina tundu, nikadhani utaling'oa mbele ya wenzangu."

"Na hiyo gundi unayoitangaza mtaa mzima?" mama yake aliuliza.

"Niliitunga, mama. Sikutaka waseme mimi ni mwoga."

Alipewa dawa za kutuliza uvimbe, na baada ya siku chache gego likang'olewa. Magego yake mazima, daktari akayapaka dawa.

Aliporudi shuleni, Yasmini alisimama mbele ya darasa. "Dawa ile si gundi. Nilidanganya. Julieth, nisamehe."

"Bado nina hasira nawe," Julieth alijibu bila kumtazama.

"Ana haki ya kukasirika," alisema Mwalimu Theodora. "Yasmini, umepoteza gego moja. Uongo wako ungewapotezea wenzako mengi. Kuogopa si kosa. Kosa ni kuficha woga kwa kumchafua mwenzako. Keshokutwa daktari anarudi. Anayeogopa aniambie, nitamshika mkono. Na hata mliopakwa dawa, pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, maana dawa hiyo haifanyi kazi ya mswaki."