Dole la Marehemu

Saa mbili asubuhi. Nyamisangura.

Chumba cha nyuma cha bucha kilinuka damu ya jana. Mogesi alilaza bastola yake, mguu wa kuku, mezani, akaweka pedi ya wino kando yake.

"Wino ndio kazi," alisema. "Hiki chuma ni cha dharura."

Mpango ulikuwa mfupi. Mzee Nyamhanga wa Matongo alikuwa amefariki jana. Aliacha hisa katika hoteli ya watalii inayojengwa Robanda, miaka nenda miaka rudi haiishi. Kampuni moja ya Nairobi hununua hisa kama hizo kwa watu waliochoka kusubiri. Mogesi aliziita hisa za mitumba. Nairobi hawajui kama mzee amekufa, na hati ya mauzo imeandikwa tarehe ya juzi. Limebaki dole gumba lake tu, nalo linazikwa saa nane.

Wa kuingia alikuwa Erasto, msomi, mtoto wa jirani wa marehemu, nani angemshuku? Adero, dada mmoja kutoka Sirari asiyejua kuendesha polepole, angebaki kwenye gari.

Erasto aliitazama pedi. Pesa za hisa zingekuwa za Mogesi; yeye kampuni ile ile ilimwahidi kazi akileta hisa moja. Wiki nzima alikuwa akiipima kazi hiyo. Mshahara mnono, ofisi ghorofani, mama yake angejengewa. Lakini alishaona kiini chake: unamtazama mtu mpaka achoke, ndipo unanunua. Je, moyo huo anao? Alimwendea mzee tena na tena, mzee akamcheka tu, akasema yeye ni mtu wa kusubiri. Siku moja pombe ikamfungua Erasto mdomo mbele ya Mogesi. Pombe mbaya, jamani.

"Mambo yakiharibika?" aliuliza.

"Sisi ndugu," Mogesi alisema, akachomeka bastola kiunoni. "Nimuache nani nyuma?"

Saa tano. Matongo.

Maiti ilikuwa imelazwa kwenye nyumba ya kutegesha, zile nyumba ambazo watu hujenga wasilale ndani, wakingoja fidia ya mgodi. Bati jipya, mlango wa chuma, na hakuna aliyewahi kupika humo wala kuota ndoto. Mzee ndiye mpangaji wa kwanza. Waombolezaji walikaa uani. Mogesi akaenda kutoa rambirambi, uso umemlegea kama mfiwa kweli. Mnafiki yule!

Erasto akamwamkia mjane, mama Mokami. Mama akaitikia, akamshika bega.

"Kaa naye kidogo, mwanangu. Alikupenda."

Neno hilo lilimchoma. Aliingia, akarudisha mlango. Harufu ya saruji. Akafunua shuka, akaushika mkono wa baridi, akapaka wino. Alijaribu kwanza kwenye kipande cha gazeti. Doa jeusi, basi. Akabonyeza tena. Doa. Hapakuwa na mstari hata mmoja. Mzee alivunja mawe ya dhahabu ujana wake wote, na dole lilikuwa limesagika, laini kama kipande cha sabuni.

Erasto aliapa baadaye kwamba marehemu alikuwa anatabasamu.

Nje Mogesi alikohoa. Ishara. Angeweza kutoka mikono mitupu na kuisahau Nairobi. Alifikiria ghorofa lile. Alifikiria nyumba ya mama. Akapaka wino dole lake mwenyewe, akalikandamiza kwenye hati. Mistari ikatoka safi kabisa.

"Nisamehe, mzee," alinong'ona, akafunika shuka.

Saa tano na nusu.

Mogesi aliichungulia hati, akaitia mfukoni. Walikuwa wanaelekea gari mama Mokami alipoingia kumtazama mumewe. Akatoka taratibu. Hakulia.

"Nani amempaka mzee wino?"

Ua mzima ukageuka. Mama akaendelea kwa sauti ile ile ndogo. Alisema dole la mzee halikuwahi kushika alama, kila ofisi ilimrudisha, mzee akasaini kwa kalamu maisha yake yote. Kijiji kizima kinajua.

Erasto, aliyekulia shule za mbali, hakujua. Alipima hisa, akapima hoteli, mwenye hisa hakumpima. Akakunja ngumi kuficha dole.

"Tazameni mkono wa Erasto," alisema Mogesi.

Alilisema bila hata kumtazama, huku akirudi nyuma kuelekea gari. Adero akaondoka naye, vumbi likatimka. Hati ilikuwa mfukoni mwa Mogesi, na dole lililokuwa juu yake lilikuwa la mtu mmoja tu.

Wanaume wakainuka na mapanga. Njia ilizibwa. Erasto akakimbilia mlango pekee uliokuwa wazi, akaufunga kwa komeo.

Mawe yakalia juu ya bati, kisha yakakoma. Mtu mmoja nje akasema wamwache, hana pa kwenda, wao hawana haraka.

Erasto akageuka. Shuka lilikuwa limeteleza, na lile dole jeusi lilining'inia ukingoni mwa kitanda.

"Sasa tufanyeje, mzee?"

Jibu alilijua. Alikuwa amelisikia kwa mzee mara nyingi, na kila mara alitaka kulinunua. Akakaa chini kando ya marehemu, wakasubiri.