Tatu, Kisha Mbili

Kyabu alikuwa akifagia garaji ya baba yake karibu na stesheni ya Kamina, kama kila asubuhi tangu vita vifunge shule. Jeep nyeupe asiyoijua ikaingia bila kupiga honi, ikatetemeka, ikasimama hatua moja tu kutoka miguuni pake.

Mtu mwembamba mwenye kofia ya Kiislamu akashuka. "Unisamehe, mutoto. Freni inanisumbua. Nikikanyaga polepole, inapigapiga chini ya mguu kama moyo wa kuku, na gari haisimami."

"Iko na taa ya rangi ya machungwa mbele ya usukani?" Mulumba, baba yake Kyabu, akauliza kutoka ndani.

"Njo hiyo. Inawaka tangu Kaniama."

Mgeni huyo aliitwa Nasibu. Alikuwa akipeleka chumvi na dawa Malemba-Nkulu. Magari yangeondoka pamoja saa sita mchana, na siku zile za mwaka 1998 hakuna aliyethubutu kupita njia ile peke yake. Kyabu aliposikia jina la Malemba, ufagio ulimtoka mkononi. Mama yake, Marthe, alikwenda huko msibani mwezi wa saba. Mwezi wa nane vita vikafunga njia. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi.

Mulumba akamweleza mgeni habari hiyo, na Nasibu akaliona jicho la Kyabu. "Kiti moja iko wazi," akasema. "Tengeneza gari, Papa Mulumba, na miye nitamfikisha binti kwa mama yake."

Mulumba akaunganisha matundu mawili ya plagi ya jeep kwa kipande cha waya. Sasa taa ile ya machungwa ingetaja ugonjwa kwa kupepesa: tatu kisha moja, ni gurudumu la mbele kulia, tatu kisha mbili, la mbele kushoto. Vidole vyake viliitambua skrubu yoyote, lakini macho yaliyounguzwa na miaka ya kuchomelea vyuma hayakuiona tena taa ndogo. Kwa hiyo Kyabu, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyehesabu.

"Ukipotewa na hesabu, useme. Unaniahidi?"

"Nakuahidi, baba."

Taa ikapepesa mara tatu, ikatulia. Kyabu akageuka kidogo kukitazama kile kiti. Aliporudisha macho, taa ilikuwa inazimika. Angengoja tu, ingerudia. Lakini aliona haya, tena alikuwa na haraka.

"Tatu kisha moja," akasema.

Mulumba akafungua gurudumu la kulia. Ndani yake mna kapta, kijiti chenye sumaku kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Kilikuwa kimeshikwa na kutu; alipokilazimisha, kikavunjika. Akafunga kingine, cha pekee alichokuwa nacho. Saa tano ikapita. Wakaijaribu jeep: taa ikawaka vilevile, breki ikatetemeka vilevile.

Nasibu akacheka bila furaha. "Papa, macho yako yamekwisha, sasa na mikono? Toa balbu ya hiyo taa, niende zangu."

Mulumba akafuta mikono yake kwa kitambaa, muda mrefu. Hakuwa amewahi kumtolea mtu balbu ili kuficha ubovu. "Labda kweli nimezeeka," akasema. "Kyabu, lete bisibisi."

Kiti kilikuwa chake. Ilitosha anyamaze. Lakini baba alikuwa ameinama mbele ya mgeni kama mwizi aliyekamatwa.

"Baba, sikuona. Nilibuni."

Hakumpiga. Afadhali angempiga.

Wakafungua kushoto. Unga wa chuma ulikuwa umeota kwenye sumaku kama ndevu. Mulumba akaupangusa, akasugua meno ya pete inayozunguka mbele yake. Alikuwa akikaza nati za gurudumu askari wawili walipoingia, wamembeba mwenzao aliyefungwa mguu kwa kitenge.

"Unakwenda Malemba," mmoja akamwambia Nasibu. Halikuwa swali. Majeruhi akawekwa kwenye kile kiti.

Nasibu akatazama chini. "Ungesema asubuhi, binti, tungekuwa tumeshajipanga na magari mengine."

Kyabu akaanza kulia. Mulumba akasema taratibu, bila kuacha kukaza nati: "Asubuhi, neno 'sijui' lilikuwa la bure. Sasa limekula kiti chako. Lakini ungelificha mpaka jioni, lingekula watu kwenye matope ya mteremko. Kweli iliyochelewa ni chungu, mwanangu. Bado ni kweli. Njoo uhesabu."

Sasa, kama gari imepona, taa ilitakiwa kupepesa mfululizo bila kupumzika. Kyabu akaitazama, nayo ikaogelea katika machozi.

"Ni nzuri?" askari akafoka. "Magari yanaondoka."

Ni neno moja tu, nao wangetoka mbele ya macho yake pamoja na kiti chao.

"Nimepotewa na hesabu, baba. Tuanze tena."

Askari akatukana. Mulumba akarudisha waya. Kyabu akafuta macho kwa gauni lake, akahesabu mpaka ishirini.

"Haipumziki. Iko sawa."

Jeep ikatoka. Penye reli, mama mmoja mwenye beseni la mihogo akakatiza mbele yake. Jeep ikasimama palepale, bila kutetemeka, ikamngoja apite. Kisha ikashika njia ya Malemba.