Pindo la Upande wa Kushoto

Mkono wa kijana ulikuwa mweupe kwa plasta, na ndio huo aliouegemeza juu ya gora la mahameli nyekundu alilokumbatia binti wa watu, katikati ya duka la vitambaa ambalo siku hiyo hata pa kuweka mguu hapakuwa.

"Kaka, umenipaka chokaa."

"Samahani, dada. Nimesukumwa."

"Ukisukumwa ndiyo upige muhuri?"

Kijana alicheka. Yeye alifuata magunia ya katani ya kushikizia maua ya plasta. Binti, mshonaji, alifuata kitambaa cha pazia. Kumbe wote walikuwa wanarudi jumba moja, lile la maonyesho la zamani lililokuwa likifufuliwa na mmiliki wake, Bi Mkubwa. Akambebea gora begani hadi mlangoni. Tangu hapo yeye akawa Chokaa, na binti akawa Sindano, na haukupita muda wakawa wapenzi.

Jumba lilikuwa zuri mpaka likatisha. Dari ilijaa maua na majani ya plasta, na juu ya jukwaa lilikaa tao kubwa lenye nyuso za dhahabu, vinywa wazi, kama watu walioona jambo wakakatazwa kulisema. Babu yake Bi Mkubwa ndiye aliyelijenga. Baadaye likawa sinema, kisha ghala, mwishowe makazi ya popo.

"Enzi za sinema," alihadithia Chokaa, mkate mdomoni, "walikata nguzo moja ya kushoto. Iliwazibia picha watu wa viti vya bei."

"Na tao likashikwa na nini?"

"Na mazoea, mpenzi. Nyumba nayo huzoea."

Sindano hakucheka. Aliinua macho, akaona nyuso zile zinamtazama.

Pazia lilitundikwa kwenye bomba lililofungwa chini ya tao, na Sindano akalipima pindo likae kidole kimoja juu ya sakafu, kote sawa. Wiki haikuisha, upande wa kushoto ukagusa mbao. Akajilaumu. Mahameli ni nzito, alijiambia, hunyooka. Asubuhi, mafundi hawajaingia, alipiga magoti akakata, akashona upya, asimwambie mtu. Kwa mshonaji, pindo lililopinda ni sawa na kutoka nje shumizi inachungulia. Siku chache mbele likagusa tena. Akakata tena.

Mara ya tatu Bi Mkubwa akaliona mwenyewe. Wageni wake walikuwa waje Jumamosi.

"Mbona pazia langu linaburuzika?"

Chokaa, ulimi hauna mfupa, akajibu kutoka juu: "Futi yake imelewa, Bi Mkubwa. Tumsamehe."

Mafundi wote wakaangua kicheko. Sindano alikunja mkasi wake ndani ya kanga, akatoka.

Simu iliita mpaka ikachoka. Kesho yake akapokea.

"Sindano wangu, ulikuwa utani tu."

"Utani una mahali pake. Ugali wangu si mahali pake."

"Basi njoo unichome, yaishe."

Akamkatia.

Alipomwaga kapu la vipande ili avitupe vyote vya jumba lile, mabaki mawili ya mahameli yakamwangukia mapajani. Akayaweka moja juu ya jingine, akatulia. Gora ni moja. Bomba ni moja. Kitambaa kikinyooka, si kinyooke kote? Mbona upande wa kulia hajaugusa hata siku moja?

Si pazia lililokuwa likishuka. Ni kile kilicholishika.

"Uko wapi?" alisema kwenye simu.

"Juu ya kiunzi, chini ya tao. Nawapaka dhahabu hawa wa kushoto. Umeshanisamehe?"

"Shuka."

"Sema kwanza umenisamehe."

"Shuka, na wenzako watoke. Nimekata pindo mara mbili na bado linagusa. Tao linazama."

Kisha ndani ya simu akasikia sauti nyembamba, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo.

"Mchanga," alinong'ona Chokaa. "Unatoka mdomoni mwao."

"Shuka, mume wangu."

Sindano alikimbia miguu mitupu hadi huko. Mafundi walikuwa barabarani, na Chokaa alikuwa wa mwisho kutoka, amemshika mkono Bi Mkubwa aliyetaka kurudi kuchukua mkoba.

"Niache, kijana. Mnakimbia pindo la pazia?"

Jumba ndilo lililomjibu. Mlio ulianzia ndani kama kitambaa kikubwa kinachopasuliwa, ardhi ikatikisika, kisha vumbi likatoka mlangoni polepole, kama mgeni anayeaga. Bi Mkubwa akakaa chini na gauni lake la hariri, akawa mdogo ghafla.

Chokaa alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu.

"Umeniita nani kwenye simu?"

"Sikumbuki."

"Jumba zima limesikia. Ndiyo maana limezimia."

Sindano akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Nioe basi. Ila unipeleke nyumba ya dari fupi."

Alimpeleka chumba cha bati, mlango mmoja, dirisha moja. Sindano akashona pazia la dirisha, pindo lake kidole kimoja juu ya sakafu. Na kila asubuhi, kabla ya chai, huinama kulitazama.

"Limegusa?" huuliza mumewe kutoka kitandani, naye siku hizi hatanii.

"Bado."