Dakika Kumi na Moja za Muzee Léopold

Jumapili, saa 2:15 asubuhi.

Ramani ya duka la dhahabu ilichorwa kwa mkaa sakafuni, katika chumba cha nyuma huko Kilibula. Habonimana, mkuu wa genge, alisimamisha chupa tupu juu yake, mahali pa sanduku la chuma la kuwekea mali.

"Kofre iko hapa. Dhahabu yote ya wiki iko ndani. Mwenye duka anaenda misa na mlinzi wake, anarudi saa nne na nusu. Muzee, dakika ngapi?"

Léopold hakufikiri. "Kumi na moja."

Kwa miaka ishirini alikuwa fundi wa kufunga makofre ya mabenki, Bukavu mpaka Bujumbura, kisha akageuka kuyavunja. Genge liliishi kwa vidole vyake.

Mwamvua, aliyekuwa akifagia katika duka hilo la dhahabu tangu Januari, alikohoa. "Shefu, ile kofre ya zamani walitoa Pasaka ilipopita. Walileta ingine. Watu munane walibeba."

"Rangi mpya tu," Léopold alisema. "Chuma ni kile kile. Nimefungua kumi na tisa, mama."

Habonimana alimgeukia mwanamke. "Weye uko hakika?"

"Hakika kabisa, hapana. Miye siko fundi. Lakini wakifunga, inalia mara mbili."

"Muzee?"

"Niko hakika."

Habonimana akafuta mkaa kwa kiatu. Shauri lilikuwa limekwisha.

Tariki, dereva, aliangalia ukuta. Mwezi wa pili alimpeleka Léopold hadi Luvungi, wao wawili tu, kwenye kofre ya tajiri mmoja. Mzee alihangaika saa nzima, vidole vikitetemeka. Walitoka mikono mitupu. Njiani akamshika bega: "Mwanangu, usiniaibishe." Tariki hakumwambia mtu. Hata sasa hakusema. Hakuona woga. Hakuona kitu.

Saa 3:20.

Mwamvua alikuwa ameacha komeo la mlango wa nyuma wa duka wazi. Habonimana na Léopold wakaingia. Tariki alibaki kwenye gari, kona ya barabara, Mwamvua pembeni yake. Kazi ya Tariki ilikuwa moja: akiona hatari, apige honi mara tatu.

Saa 3:31. Hakuna aliyetoka.

Saa 3:50. Mwamvua akaenda kuchungulia. Alirudi kwa hatua za mtu anayetoka sokoni.

"Mlango wa kwanza umefunguka. Nyuma yake iko mwingine. Nimeambia shefu tutoke. Anasema muzee anajua kazi yake."

Saa 4:08.

Misa ilikuwa haijatoka, lakini lazima mtu alikuwa amemwita mwenye duka: gari lake lilikunja kona. Nyuma yake pikapu, na polisi wanne.

Mkono wa Tariki ulikuwa juu ya honi. Akipiga, polisi wataangalia upande wake. Aliutazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha ukashika ufunguo. Akaondoka polepole, kama mtu anayeenda kanisani.

Nyuma yao risasi ya kwanza ililia. Kisha nyingi.

Saa 4:40, karibu na Makobola, simu iliita.

"Uko wapi?" Habonimana alihema.

"Njiani."

Habonimana hakutukana. "Muzee amekufa. Mpaka mwisho alikuwa anasema inafunguka." Simu ikakatika.

Mwamvua alikuwa anaangalia ziwa kando ya barabara. Tariki akamsimulia habari ya Luvungi, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia bei ya mafuta.

"Kwa nini haukusema kule Kilibula?"

"Weye ulisema. Nani alikusikia?"

"Miye ni mwanamke wa kufagia. Weye wangekusikia."

Tariki akabadilisha gia.

"Simamisha."

Akasimamisha. Mwamvua alishuka, akajifunga kitenge vizuri, akatembea kuelekea wanawake walioanika samaki wadogo wa ndagala mchangani. Hakugeuka.

Kwenye kioo Tariki aliona pikapu ya polisi ikija na vumbi lake. Mbele, barabara ya Fizi ilikuwa tupu. Angeweza kukimbia, tangi lilikuwa limejaa. Alizima injini, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, mahali ambapo wangeiona.