Mbwa Aliyefungwa

Asubuhi hiyo Mama Kadi hakutulia. Aliketi mbele ya kompyuta, akainuka, akafuta vumbi lisilokuwepo, akaketi tena. Jina la Mama Kadi alipewa na wateja, kwa sababu alitengeneza kadi za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga. Kesho yake saa sita, bibi harusi mmoja angefuata kadi zake. Lakini kila faili ilikataa kufunguka.

"Baba watoto, hii mashine imelogwa!"

"Izime, uiwashe," alijibu mumewe, akitafuta soksi.

"Nimeizima mpaka imenichoka!"

Akamwita jirani yao, fundi wa kompyuta. Huyu walimwita Bi Taratibu, maana hakuna aliyeweza kumharakisha. Alibonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Mama Kadi alizunguka nyuma yake kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Dada, virusi vimefunga faili zako. Programu hii ya kuchorea mliipata wapi?"

Mama Kadi alimtazama mumewe. Mumewe alitazama soksi.

"Huyu aliniletea kwenye flashi. Nakala ya mtaani, haina leseni. Maelezo yake yalisema tuzime kwanza kinga ya virusi."

"Mkazima?"

"Tukazima."

"Basi mlimfunga mbwa ili mgeni apite, kumbe mgeni ndiye mwizi."

Mume alicheka, akaona anacheka peke yake. "Lakini jirani, leseni ya mwaka ni sawa na kodi yetu ya miezi minne! Wale matajiri watapungukiwa nini?"

"Bei ni kali, sibishi. Hata mimi inanikera." Bi Taratibu alitazama kadi za mfano zilizobandikwa ukutani. "Mbona kila kadi mmeipiga muhuri katikati?"

Mama Kadi alidakia. "Duka la ng'ambo ya barabara walinakili waridi langu! Nililichora siku tisa. Hata ruhusa hawakuniomba!"

"Wakasema bei yetu ni kali," mume aliongeza.

Kisha wote wawili wakaigeukia kompyuta.

"Sasa nifanyeje?" Mama Kadi aliuliza kwa sauti ndogo. "Bibi harusi nitamwambia nini?"

"Leseni ni ruhusa ya mwenye kazi. Zipo programu za kuchorea ambazo wenyewe wamempa kila mtu ruhusa ya kuzitumia bila malipo. Huo si wizi. Ila zichukue kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye flashi ya mtu."

Akasafisha kompyuta, akawasha kinga, akaweka programu ya namna hiyo. Faili za zamani hazikurudi. Mama Kadi alibandua kadi moja ukutani, akaanza kulichora waridi upya. Kila kitufe kilikuwa mahali pageni. Alikosea, akafuta, akalalamika. Mumewe alimletea chai, ikapoa. Akamletea nyingine. Jioni waridi likachanua kwenye kioo cha kompyuta.

Kesho yake, saa sita kasorobo, bibi harusi alipitisha kidole juu ya ua lililochapwa kwenye kadi yake. "Mbona hili limependeza kuliko la mwanzo?"

Mama Kadi aliketi. Safari hii hakuinuka.

Wiki iliyofuata mumewe aliingia akitabasamu, flashi mkononi. "Mke wangu, nimepata programu ya kutengenezea video. Bure kabisa!"

Mama Kadi hakuipokea. "Mwenyewe ametoa ruhusa?"

"Sijauliza."

"Kaulize, baba watoto. Leo mbwa wetu hajafungwa."