Shafti Iliyobeba Ukoo Mzima

Kila asubuhi Mama Pacha alimuosha mumewe, akamnywesha chai. Mguu wa kulia haukuwepo tena. Shafti, mhimili wa chuma unaozungusha mashine yao ya kusaga nafaka, ilikatika ikizunguka, gurudumu la mkanda, yaani puli, likachomoka, likamponda goti. Tangu siku hiyo mashine ilinyamaza. Mama Pacha alikuwa amekata tamaa kabisa, maana familia nzima ilikula kwa mashine ile.

Siku moja shemeji yake, fundi wa kuchomelea, alikuja na vifaa vyake.

"Shemeji, naiunga leo leo. Kesho mnasaga."

"Si uliiunga mara ya kwanza, ikaja kumkata kaka yako mguu?"

"Lakini tuliijaribu! Umesahau?"

Angesahauje? Waliilaza juu ya matofali, ukoo mzima ukaipanda, hadi shangazi mnene aliyebembelezwa kwa soda. Haikupinda. "Imembeba shangazi, itashindwaje na nafaka?" alisema Baba Pacha. Watu walicheka mpaka machozi.

Jirani yao, fundi wa kukereza vyuma, alisikia ubishi akaingia. Watu walimwita Milimita, kwa sababu hata mlango wa banda la kuku aliupima mara mbili. Aliokota kipande cha shafti.

"Tazameni palipokatika. Upande huu ni laini, umefifia. Huu unakwaruza, unang'aa. Palipo laini palianza kupasuka zamani. Panapokwaruza ndipo palipokatika siku ile."

"Zamani? Na sisi tunasaga tu?" aliuliza Mama Pacha.

"Mnasaga tu. Chuma hakipigi kelele."

Alichukua waya, akauvuta kwa nguvu. Haukukatika. Kisha akaukunja huku na huku, polepole. Ukakatika.

"Shangazi alipanda mara moja. Lakini mkanda unaipinda shafti kidogo kila inapozunguka, nayo huzunguka maelfu ya mara kwa siku. Chuma huchoka, mama. Kina kiwango chake. Mzigo ukiwa chini ya kiwango hicho, kitazunguka miaka na miaka. Ukizidi, ufa unaanza, na kila mzunguko unauongeza. Hupenda kuanzia penye kona kali, penye mkwaruzo, au palipochomelewa, kama hapa."

Shemeji aliweka vifaa vyake chini.

"Basi mguu wa kaka nimeukata mimi."



Milimita alikereza shafti mpya, nene zaidi, isiyo na kiungo. Kona aliziviringisha, akaisugua ikawa laini. Mkanda hawakuukaza kupita kiasi. Kila wiki walizima mashine, wakafuta mafuta, wakaikagua shafti kwa tochi. Walikubaliana kwamba ufa ukionekana, shafti inatupwa, haiungwi. Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Shafti ilikuwa nzima, wateja wakarudi.

Baba Pacha sasa alikaa kitini mlangoni. Siku moja alimtazama mkewe akimulika tochi.

"Mke wangu, ule ufa wa zamani ungeonekana kwa macho?"

Mama Pacha alitamani kudanganya.

"Kama shafti ingekuwa kavu, bila mafuta, ungeonekana."

Mumewe aliitazama shafti.

"Nilikuwa naipaka grisi mimi mwenyewe," alisema. "Kila asubuhi. Nilipenda ing'ae."

Mama Pacha alichukua kitambaa, akaifuta shafti tena. Wateja walikuwa wakimwita.