Anayevuta Wavu Asibebe Bastola

Samaki aina ya samoni walipoanza kupanda mto mwaka ule, Feodora alinoa visu vyake vyote akavipanga kwenye meza ya nje. Mumewe Inokenti, ambaye kijiji kizima kinamwita Kenti, alikaa kizingitini akikagua wavu na kuziba matundu. Banda lao la kukaushia samaki kwa moshi lilikuwa tupu. Kwetu Kodiak, kisiwa cha Alaska, banda tupu mwezi wa Julai halimshtui mtu. Banda tupu mwezi wa Septemba maana yake ni kula maharage ya kopo majira yote ya baridi, huku mke na mume wakilaumiana.

Tena banda lile halikuwa la watu wawili tu. Mama yake Kenti, Bibi Matrona, alikuwa akila humo humo. Mikono yake ilikuwa imeshachoka, hakuweza tena kuvuta wavu.

Mwaka ule Kenti alikuwa amenunua bastola. Ilikuwa nzito, yenye risasi nene, na aliifunga kiunoni hata alipokwenda dukani kununua sukari.

"Dukani nako kuna dubu?" Feodora alimuuliza.

"Wewe cheka tu. Mwaka huu dubu akija, atajua amekutana na mwanamume."

"Usimseme hivyo. Anasikia."

Sisi tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Dubu hatukanwi, wala mtu hajigambi juu yake. Kenti alilijua hilo vizuri, lakini ile bastola mpya ilikuwa imemvimbisha kichwa.

Siku ya kwanza walikwenda kwa boti hadi pale mto unapoingia baharini. Kabla ya kushuka majini, Kenti alivaa suruali yake ya mpira, ile inayofika kifuani na kushikiliwa na mikanda mabegani. Mvua ikaanza. Akavaa na koti la mvua juu yake, akafunga zipu mpaka kidevuni. Bastola ilibaki kiunoni, chini ya vitu vyote hivyo. Wavuvi tunavaa hivyo kila siku, kwa hiyo hata Feodora hakuona kasoro.

Samaki waliingia vizuri. Kenti alivuta, Feodora aliwatoa wavuni na kuwatupa kwenye majani nyuma yao. Walikuwa wakicheka. Wote wawili walikuwa wanatazama maji.

Feodora ndiye aliyesikia vichaka vikivunjika. Aligeuka akamwona dubu mkubwa wa kahawia amesimama karibu na samaki wao.

"Kenti," alisema polepole. "Bastola."

Kenti aliachia wavu akashika zipu. Vidole vyake vilikuwa na utelezi wa samaki, zipu ikagoma. Alivuta mkanda wa suruali, mkanda ukanasa kwenye koti. Aliingiza mkono kwa juu, mkono ukakwama kifuani. Alikuwa anahangaika kama mtu aliyeingiliwa na siafu nguoni.

Feodora hakukimbia. Alimshika mumewe koti, akaanza kumrudisha nyuma kuelekea kwenye boti, huku akimsemesha dubu kwa sauti ya chini. "Mzee, tumekuona. Tunakwenda zetu. Hatuna ugomvi nawe." Dubu aliinamisha kichwa akaanza kula. Walipanda boti na kuondoka. Samaki wote walibaki pale, na wavu pia.

Walipofika nyumbani Feodora alikaa chini.

"Mimi mto ule sirudi," alisema. "Na wewe hurudi. Sitaki kuwa mjane kwa ajili ya samaki."

"Na mama atakula nini?"

Feodora aliogopa mto, na aliogopa pia baridi inayokuja. Usiku huo alipika perok, pai yetu ya samaki na wali, kwa samaki wa mwisho wa mwaka uliopita.

Kesho yake alikuja Pelagia, dada yake Feodora. Pelagia amefanya kazi miaka mingi ya kuwaongoza wageni na watafiti wa dubu. Anawajua dubu, na anajua pia kumtania shemeji yake.

"Shemeji, naambiwa dubu alikula samaki wenu huku bastola ikimwangalia."

"Haikumwangalia. Ilikuwa ndani ya suruali."

"Masikini. Iliangalia nini huko?"

Feodora alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Kenti naye akacheka, japo kwa shingo upande.

"Haya," Pelagia alisema. "Toa risasi zote. Nionyeshe haina kitu. Sasa vaa kama ulivyovaa jana."

Aliichungulia bastola yeye mwenyewe, kisha akazifungia risasi ndani ya nyumba. Halafu akachukua boya kubwa la rangi ya machungwa, akapanda nalo mlima mdogo nyuma ya banda.

"Hili boya ndilo dubu. Toa bastola kabla halijakugusa. Na ujue dubu anakimbia kulishinda."

Akalisukuma. Boya liliteremka likirukaruka, likampiga Kenti magotini wakati bado anatafuta zipu. Wakarudia. Likampiga tena. Kila mara Pelagia alisema, "Pole, umeliwa," na kupanda tena na boya lake.

Baadaye alishuka na kuketi kwenye benchi.

"Silaha usiyoweza kuifikia ni uzito tu," alisema. "Ala ya bastola ikae kifuani, juu ya nguo zote, hata juu ya koti. Ukianguka, ukilowa, mkono unaifikia. Na kopo la kupuliza pilipili liwe pembeni yake. Pilipili ndiyo inayotangulia. Dubu wengi hugeuka hapo, na hakuna anayekufa. Bastola ni ya mwisho kabisa, dubu akikataa yote."

"Sawa," alisema Kenti. "Nitaifunga kifuani."

"Ngoja kwanza. Nani anavuta wavu?"

"Mimi."

"Kwa mikono mingapi?"

"Miwili."

"Basi bastola utaitoa kwa mkono gani, shemeji?"

Kenti aliitazama mikono yake.

"Mnapokuwa wawili, mmoja anavua, mwingine analinda," Pelagia aliendelea. "Anayelinda hagusi samaki. Mikono yake ni mikavu, macho yake yako vichakani. Anasema na kuimba, ili dubu ajue kuna watu na asishtuke. Na samaki hawatupwi majanini. Wanaingia kwenye sanduku lenye kifuniko, ndani ya boti. Jana nyinyi mlimwandalia meza, mkakasirika alipokuja kula."

"Kama anayelinda ni mimi, mtoni nitarudi," alisema Feodora.

Pelagia akamfunga ala kifuani. Boya likateremka. Mara ya kwanza Feodora alishika mkanda badala ya mpini. Lakini kufikia mchana mkono wake ulikuwa umejifunza njia, na boya lilikuwa bado mbali alipokuwa ameshajiweka tayari. Siku zilizofuata Pelagia aliwapeleka kwenye shimo la kokoto nje ya kijiji, ambako nyuma hakuna njia wala nyumba. Huko ndiko walikopiga shabaha kwa risasi za kweli. Waliporudi nyumbani bastola ilifungiwa kabatini, na ufunguo akakaa nao Feodora.

Jioni moja Kenti alimvuta Pelagia kando.

"Lakini shemeji, watu watasemaje? Kwamba Kenti analindwa na mkewe?"

"Watasema Kenti ana samaki."

Walirudi mtoni siku ya upepo mdogo. Wavu waliouacha pale waliukuta umechanika vibaya, wakatumia wa kuazima waliokuja nao. Kenti aliingia majini. Feodora alisimama upande ambao upepo ulimpiga mgongoni, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti yake mbaya anayoijua mwenyewe. Samaki walikuwa wengi.

Katikati ya wimbo alinyamaza.

"Kenti, yupo. Ng'ambo."

"Niache wavu?"

"Umebaki kidogo. Vuta, uweke kwenye boti, kisha tuondoke. Usigeuke. Namwona mimi."

Kenti alivuta. Sanduku likajaa, kifuniko kikafungwa. Nyuma yake alimsikia mkewe akisema, "Mzee, tumekuona. Tunaondoka sasa hivi." Kisha akasikia maji yakipigwa kwa kishindo. Dubu alikuwa anavuka mbio. Feodora hakurudi nyuma. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye mpini wa bastola, wa kushoto ukainua kopo. Alisubiri mpaka dubu alipofika karibu, akapuliza. Wingu jekundu lilimpata dubu usoni. Alipiga chafya, akageuka, akapotea vichakani huku akikohoa.

"Panda boti," alisema Feodora.

Walipokuwa mbali na ufuo, Kenti alizima injini.

"Uliogopa?" alimuuliza.

"Sana. Na wewe?"

"Sana. Lakini ulisema unamwona."

Feodora alilia kidogo, kisha akapangusa uso kwa kiwiko, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na pilipili. Risasi zote zilikuwa bado mahali pake.

Walirudi mtoni mara nyingi mwaka ule. Kufikia Septemba banda la moshi lilijaa hadi kwenye kenchi, na Bibi Matrona alipelekewa fungu lake kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku moja bandarini wanaume walimzunguka Kenti, wakitaka kumchokoza.

"Kenti, kweli kwako bastola anavaa mkeo?"

"Kweli," alisema Kenti. "Mimi mikono yangu ina kazi. Wewe bastola yako iko wapi?"

Yule mwanamume aligusa kiuno chake, chini ya koti, chini ya suruali ya mpira. Wenzake nao wakagusa viuno vyao. Kesho yake asubuhi, tuliokuwa tunapita nyuma ya banda la Kenti tulilikuta boya la rangi ya machungwa linateremka mlima, na wake za wanaume wale wamepanga foleni.